Namna ya Kulikosa Jina Kubwa kwa Heshima Zote

Ujumbe umeingia. Vyuo viwili vimekudahili kusoma udaktari, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inakutaka uthibitishe kimoja tu kwa ile namba ya siri uliyotumiwa kwenye simu. Cha kwanza kina jina. Ukikitaja harusini, watu wanaacha kutafuna. Cha pili ukikitaja, wanauliza kiko wilaya gani. Lakini kila ukikifikiria hicho cha pili moyo unatulia, na hujui umwambie nani.

Niambie mimi. Sogea hapa, mdogo wangu, tuzungumze kabla mjomba hajarudi kutoka kijiweni, ambako ameshakutangaza tayari. Nitakufundisha namna ya kulikosa jina kubwa bila kuaibika, bila kumliza mama, na ikiwezekana bila mtu kugundua kwamba umelikosa kwa kukusudia. Na tukifika mwisho tukaona chuo cha jina ndicho kinachokufaa, nitakuambia vilevile, nawe utakwenda kichwa juu.

Hatua ya kwanza: kiri kwamba unapenda sifa

Sote tunapenda. Aliyekesha na PCB miaka miwili akafaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa mkupuo mmoja ana haki ya kupigiwa vigelegele. Usijifanye mtawa. Ukiificha tamaa hiyo itaingia kwenye uamuzi wako kwa mlango wa uani, imevaa joho la hekima, ikikuambia kwamba chuo kile kina maktaba nzuri, wakati maktaba yenyewe hujawahi kuiona.

Itoe kwa hila hii. Chukua kipande cha karatasi na ujiapize kwamba maisha yako yote hutamwambia mtu ulisoma chuo gani. Hakuna fulana yenye nembo. Hakuna picha ya mahafali mtandaoni. Ukiulizwa, unajibu "nilisoma udaktari", basi. Sasa andika jina la chuo ambacho ungekichagua chini ya kiapo hicho. Mkono ukiandika kile cha jina, vizuri, maana yake unayo sababu ya kweli. Itafute uiandike chini yake kwa maneno yasiyozidi kumi. Mkono ukiandika kingine, kunja karatasi, itie kwenye pochi, tuendelee.

Hatua ya pili: liulize jina umri wake

Jina linatisha mpaka ujue lilizaliwa lini. Kuna enzi Mtanganyika aliyetaka udaktari alikuwa na jina moja la kutamani, nalo ni Makerere, ambako shule ya udaktari ilianza 1924. Dar es Salaam ilipofungua shule yake ya tiba mwaka 1963, chini ya Wizara ya Afya, aliyeingia pale aliingia mahali pasipo na jina. Mwaka 1968 ikawa kitivo ndani ya chuo kikuu, 1991 ikawa chuo kishiriki, na 2007 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, MUHAS. Ndicho hicho ambacho leo shangazi yako akisema "Muhimbili" anashusha pumzi. Wale wa mwanzo hawakulikuta hilo jina likiwasubiri getini. Walilijenga wenyewe, wadi kwa wadi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wengine ni wadogo zaidi. Pale Moshi, hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, lakini chuo cha udaktari kimekuja 1997. Mwaka huohuo Profesa Hubert Kairuki akaanzisha chake Mikocheni. Bugando, Mwanza, walianza kufundisha madaktari 2003. Chuo Kikuu cha Dodoma chote kilianza 2007. Kwa hiyo mtu akikuambia "chuo hiki hakina jina", mara nyingi anachosema ni kwamba waliohitimu hapo bado hawajaota mvi.

Na kama unadhani haya ni maneno ya kujifariji ya watu wa kwetu, hebu tazama Marekani. Huko kuna jarida, U.S. News, lililokuwa likivipanga vyuo vya udaktari kama timu za ligi, moja, mbili, tatu. Januari 2023 Kitivo cha Tiba cha Harvard kikajitoa kwenye orodha hiyo, na kilijitoa kikiwa kileleni mwa jedwali la utafiti. Mkuu wake, George Daley, akaeleza kwamba chuo kumfaa mwanafunzi fulani ni jambo la mtu na mtu, lenye mengi ndani yake, na haliwezi kubanwa kwenye orodha ya namba. Stanford na Columbia wakafuata ndani ya siku chache. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likaacha kuvipanga kwa namba, likaviweka kwenye makundi. Aliyekuwa wa kwanza kwa jina ndiye aliyesema jina halitoshi. Wewe usiyepewa hata kitambulisho bado, nani amekubebesha kazi ya kulitetea?

Hatua ya tatu: jikoni kwanza, sebuleni baadaye

Kila mwaka vyuo hukutana viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwenye maonesho ya TCU. Nenda. Utapewa kalamu na kipeperushi chenye picha ya msichana anayechungulia hadubini huku akitabasamu. Uliza ada, uliza sifa za kujiunga, chukua namba za simu. Hawakudanganyi wale, wanakuonyesha sebule, kama mwenye nyumba yeyote. Wewe unataka kuona jiko.

Jiko liko nje ya geti la hospitali, saa saba mchana, kwenye benchi la mama ntilie. Agiza wali maharage, kaa, subiri makoti meupe. Wa mwaka wa kwanza waache, bado wana furaha ya kuvaa koti. Wa mwaka wa tano waache pia. Wamechoka, watakujibu chochote ili wakalale. Unayemtaka ni wa mwaka wa tatu au wa nne, aliyekwisha kuingia wadini na bado anakumbuka alivyokuwa kabla ya kuingia. Koti lake utalijua: mfuko umelegea kwa uzito wa daftari na stetoskopu, na ukingo wa mkono una wino. Mlipie soda. Kisha muulize swali moja tu:

"Mara ya mwisho kumpima mgonjwa kwa mikono yako, mwalimu akiwa pembeni anakusahihisha, ilikuwa lini?"

Akijibu "leo asubuhi", halafu akaanza kukusimulia bandama la mtoto lililovimba mpaka chini ya kitovu, alivyoanza kulitafuta juu karibu na mbavu akalikosa kabisa, na daktari alivyomshika mkono akaurudisha chini kwenye nyonga na kumwambia "anzia hapa, panda taratibu", muagizie soda ya pili. Kijana huyo hatalikosa bandama tena maisha yake yote. Akitazama juu kwanza, akasema "wiki iliyopita, nadhani", weka akilini. Akisema "sisi huwa tunaangalia tu", mshukuru kwa ukweli wake, ni zawadi kubwa. Na akikutajia maprofesa wanne kwa majina na vyeo bila kumtaja mgonjwa hata mmoja, maliza wali wako uondoke.

Rudia kwa watu watatu, siku mbili tofauti, maana mmoja huenda amegombana na mwalimu wake jana. Chuo kikiwa mbali na nauli haipo, mpigie mwalimu wako wa Baiolojia. Walimu wa Baiolojia wana namba za wanafunzi wao wote waliokwenda kusomea udaktari na wanapenda sana kuulizwa.

Hatua ya nne: hesabu migongo

Hapa nataka ukae nami kidogo.

Udaktari unafundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mengine yote, mihadhara, madesa, video za usiku wa manane, unaweza kuyapata popote penye umeme. Raundi huipati popote. Na raundi ya hospitali kubwa ina foleni yake: mbele bingwa, nyuma yake wanaosomea ubingwa, kisha madaktari tarajali, kisha mwaka wa tano, kisha wa nne, na mwisho kabisa wewe wa mwaka wa tatu, umesimama kwa vidole. Kati yako na mgonjwa kuna migongo. Chuo kinachokufaa unakijua kwa kuhesabu migongo hiyo.

Mimi mwenyewe, mwaka wa tatu, katika hospitali nisiyoitaja, nilisimama nyuma ya watu kumi na tisa. Niliwahesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama. Mbele huko profesa alikuwa akieleza mlio wa moyo wenye valvu iliyobana: ulivyo mzito, unavyonguruma kwa chini, unavyosikika vizuri mgonjwa akilala ubavu wa kushoto. Alieleza vizuri mno. Niliandika kila neno, na kwenye mtihani swali hilo lilikuja, nikapata alama zote. Mlio wenyewe sikuusikia. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa daktari kamili, wilayani, kwa binti wa miaka kumi na miwili ambaye mama yake alinieleza kwamba siku hizi halali mpaka aegemezwe mito, kama mtu aliyeketi. Niliweka stetoskopu nikasikia kitu, na kwa muda ambao bado unaniuma sikujua ninasikia nini. Nilikuwa na maelezo yake yote kichwani na sikio halijawahi kukutana na mlio wenyewe. Nilimlaza ubavu wa kushoto kwa kukumbuka maneno ya daftari, ndipo nikaelewa.

Binti yule alipewa rufaa siku ileile na akafika. Lakini ndiyo sababu ninakushika shati leo.

Sasa usinielewe vibaya ukadhani hospitali ndogo ni bora siku zote. Muhimbili ina taasisi ya mifupa, MOI, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, katika eneo moja. Mgonjwa ambaye vitabu vinamtaja kwa mistari miwili, pale yuko kitanda cha tatu. Mwanafunzi mwenye kiherehere, anayejipenyeza, anayerudi wadini saa mbili usiku wakati migongo imekwenda kula, atanufaika pale kuliko mahali pengine popote nchini. Je, wewe ni huyo? Sikuulizi kwa kukudharau. Wapo wanafunzi hodari ambao hawajipenyezi. Wanahitaji mwalimu anayewajua kwa jina na kuwaambia "leo wewe". Huyo ukimtupa kwenye kundi la watu ishirini ananyamaza miaka mitano, na anahitimu akiwa bado kanyamaza. Jitazame. Kidato cha sita, mwalimu alipouliza swali, mkono wako ulikuwa wapi?

Hatua ya tano: uliza mahali pale wanaumwa nini

Hii ni njia ya mkato ambayo hata wazazi wenye shahada hawaijui. Vyuo vyote vya udaktari vina mtaala unaofanana, wagonjwa hawafanani. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na Kanda ya Ziwa ina kichocho cha ziwa lenyewe na ina watoto wengi wenye selimundu, ile sikoseli. Ukisoma pale, mtoto mwenye maumivu ya selimundu utamtambua tangu mlangoni. KCMC wana kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, na palepale ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Wana pia chuo cha wataalamu wa miguu na mikono ya bandia. Ifakara, ambako Waswisi waliweka maabara yao miaka ya 1950, wana watafiti wa malaria, na chuo cha udaktari cha Mtakatifu Fransisko kiko mji huohuo. Zanzibar, chuo cha SUZA kililea madaktari wake wa kwanza kwa mkono wa walimu kutoka Kuba.

Kwa hiyo acha kuuliza "kipi bora". Uliza "mimi nataka kuwa daktari wa nani". Kama ndoto yako ni kurudi Sengerema kuwatibu watu wa Sengerema, kwenda kusoma mbali na magonjwa ya Sengerema kwa ajili ya jina ni kuzunguka bure. Na lugha ipo pia. Bibi aliyetoka kijijini hasemi "nina maumivu ya kifua". Anasema kwa lugha yake, kwa mafumbo ya lugha yake, na miaka mitano ya kusikiliza mafumbo hayo haiandikwi kwenye cheti chochote.

Hatua ya sita: mtafute aliyeanguka

Wanaofaulu watakusifia chuo chochote. Mtafute aliyepata sapu, mtihani wa marudio, ya anatomia mwaka wa kwanza, na ukibahatika, aliyewahi kukeri, yaani kubeba somo mpaka mwaka unaofuata. Muulize ilikuwaje. Alijulishwa lini? Kuna mwalimu aliyemuita akamuonyesha alipokosea, au jina lilibandikwa ukutani akaachwa na ukuta wake? Kuna mtu aliyemuuliza kama anakula? Nimeona vijana wenye akili kuliko mimi wakidisko, yaani wakiondolewa chuoni, kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba walikuwa wagonjwa, au wamefiwa, au wanalala njaa. Udaktari ni miaka mitano, ukiongeza mwaka wa utarajali. Katika muda huo utaanguka walau mara moja, na ni vizuri ujue mapema nani yuko chini kukudaka.

Hatua ya saba: bumu

Usione haya kuhesabu hela. Ada ya chuo cha umma na ya chuo binafsi haziko karibu hata kidogo, na zidisha tofauti hiyo mara tano. Kama Bodi ya Mikopo imekupa kiasi kisichofika ada ya chuo binafsi, na baba anasema "tutauza shamba", sikia ninachokuambia: shamba lisiuzwe. Hapa jina na mfuko huweza kukaa upande mmoja, maana baadhi ya vyuo vya jina kubwa ndivyo vya bei nafuu. Basi chukua jina, ushukuru. Hesabu pia gheto, nauli na chakula cha mji husika, kwa kumuuliza yuleyule wa mwaka wa tatu bumu lake, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linaisha tarehe ngapi.

Pembeni kidogo: kuhusu "nje"

Mtaani kwetu kuna jina moja linaloshinda vyuo vyote, nalo ni "nje". Anasoma nje. Wapi? Nje. Watu hawaulizi zaidi ya hapo. Februari 2022 vita vilipolipuka Ukraine, wanafunzi wa udaktari wa Kitanzania walikuwa miongoni mwa waliokimbia na mabegi mgongoni, na wazazi wengi ndipo walipojifunza jina la mji mtoto wao aliokuwa akisoma. Lakini usiikimbie nje kwa hofu pia. Profesa Mohamed Janabi, aliyeanza 2025 kuiongoza Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, udaktari wake wa kwanza aliusomea Kharkiv, hukohuko Ukraine. Kharkiv ilimfaa. Cha kufanya ni hiki: kabla baba hajalipa wakala hata shilingi moja, ulizeni TCU, ambao ndio hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ulizeni Baraza la Madaktari Tanganyika kama watamsajili anayetoka chuo hicho. Hapo hakuna mkato. Chuo kisichotambuliwa hakimfai mtu yeyote, hata kiwe na bustani.

Hatua ya nane: usijifiche nyuma ya neno "kinanifaa"

Nimekutetea sana, sasa niruhusu nikubane. "Kinanifaa" ni neno zuri na ni maficho mazuri. Kinakufaa, au kiko jirani na nyumbani ambako mama anafua nguo zako? Kinakufaa, au ndiko anakokwenda yule mliyesoma naye tuisheni? Kinakufaa, au umesikia mitihani yake haina makali? Chuo kinachokufaa kinaweza kukutoa jasho. Kinaweza kuwa Moshi yenye baridi ya Juni wewe ukiwa mtoto wa Tanga. Kukufaa maana yake ni mahali ambapo utafanya kazi ngumu na kazi hiyo ikakaa mwilini mwako. Ukihisi raha tupu unapokifikiria, rudi hatua ya tatu, ukanunue soda nyingine.

Hatua ya tisa: jifunze kujibu harusini

Tumefika kwenye utamu. Umeshaamua, na Jumamosi kuna harusi. Shangazi atakuwepo. Atakuuliza mbele ya watu, na atauliza kwa sauti. Wewe usitaje chuo. Taja hospitali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, wamekupeleka chuo gani?"

"Niko Bugando, shangazi."

"Bugando! Si ndiko walikomtibu marehemu babu yako ule mguu? Walimhudumia, mwanangu, mpaka akarudi anatembea!"

Umemaliza. Watu wetu hawajui sana vyuo vikuu, lakini hospitali za rufaa wanazijua, wamelala kwenye korido zake wakiuguza. KCMC, Bugando, Benjamin Mkapa ya Dodoma, kila moja ina shangazi wa kuisimulia. Hujadanganya hata neno moja, maana huko ndiko utakakoshinda kutwa nzima. Na shangazi atakusaidia kutangaza.

Mama anahitaji kitu tofauti. Yeye ataulizwa kwenye kikoba, bila wewe kuwepo kumsaidia. Mpe sentensi moja anayoiweza: "Amechagua mwenyewe, amewauliza wanafunzi wa pale, wanawashika wagonjwa tangu mwaka wa tatu." Mkaririshe mara mbili tatu jikoni mpaka aiseme kwa raha. Mama akisema "amechagua mwenyewe" kwa sauti ya kujivuna, kikoba kizima kitakaa kimya, kwa sababu wengi wao watoto wao walichaguliwa na mjomba.

Mjomba mwachie muda. Ukimaliza chuo utapangiwa utarajali wa mwaka mmoja, na hapo mnachanganywa wote, wa jina na wasio na jina, katika hospitali moja, zamu moja, kitabu kimoja cha sahihi. Saa tisa usiku analetwa mtoto aliyeharisha siku nne, macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, na mshipa hauonekani. Muuguzi wa zamu anatazama makoti yenu na kuuliza swali moja: "Nani anaweza kuweka kanula hapa?" Nimesimama kwenye chumba hicho. Aliyesogea alikuwa binti aliyesoma chuo ambacho sisi wengine tulikuwa tukikikosea jina. Alipiga magoti, akapapasa juu ya kifundo cha mguu kwa ncha ya kidole, akafumba macho kidogo, akaingiza mara moja. Damu ikarudi kwenye mpira. Tulimuuliza baadaye alijifunzia wapi. Akasema mwalimu wao alikuwa anawaita wawili wawili.

Hatua ya kumi: thibitisha asubuhi

Usithibitishe usiku, nyumba imejaa watu na kila mtu ameshika simu yako. Lala. Amka kabla ya wengine, toa ile karatasi kwenye pochi, isome. Kama bado unakubaliana na mkono wako, ingia kwenye akaunti yako ya chuo hicho na uweke namba ya siri, polepole, tarakimu moja moja. Kama ujumbe wa namba hiyo haujafika, usihangaike na watu wa mtaani wanaodai wana mtu TCU. Omba utumiwe upya kupitia mfumo wa chuo chenyewe. Tazama tarehe ya mwisho, kwa sababu ikipita hakuna shangazi wa kukusaidia.

Kisha mpelekee mama chai, umwambie.

Na namba ya yule wa mwaka wa tatu uliyekula naye wali maharage usiifute. Chuo kikifunguliwa utamhitaji akuonyeshe jengo la anatomia liko upande gani, na safari hii soda ni juu yake.